Umeme Unaofika Umechoka

Twapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa wa nyumba nyingi za shamba zilizopata umeme. Taa huwaka lakini haing'ai; birika hukaa muda mrefu kabla ya kuchemka; friji hunguruma mara moja, ikanyamaza, kisha ikanguruma tena bila kuanza kazi. Watu husema, "Umeme upo, lakini ni mdogo." Maneno hayo ni ya kweli, nasi twataka kueleza umeme huo umepungulia wapi, jinsi ya kupatafuta mahali hapo, na dawa yake. Tutaeleza pia kwa nini upungufu wa namna moja si usumbufu tu, bali ni hatari ya moto, wala haufai kungojewa hata kesho.

Tuchukue kwa mfano nyumba moja ya Kabasa, karibu na mji wa Bunda katika mkoa wa Mara. Huko, kama katika vijiji vingi vya upande ule wa Ziwa Victoria, nyumba hazikubanana. Kila mji una uwanja wake, zizi lake, na shamba la mihogo au mtama au pamba linalotenga jirani na jirani. Maisha hayo yana raha yake, lakini waya wa umeme hauyapendi. Nyumba yetu ya mfano iko mwisho wa laini, mita 800 kutoka transfoma. Mwenye nyumba alifurahi sana siku taa ya kwanza ilipowaka. Sasa mtoto wake wa shule analalamika kwamba saa mbili ya usiku haoni vema kitabu chake, na mama wa nyumba amekwisha kurudi kwenye mkaa.

Kwanza yatupasa kufahamu kitu kinachopungua. Tuseme tangi la maji limejengwa juu ya kilima, na bomba moja jembamba lashuka hadi bondeni, likipita mbele ya nyumba kumi. Koki zote zikifungwa, maji husukuma kwa nguvu ile ile katika koki ya kwanza na ya kumi. Lakini jioni, kila mtu akifungua koki yake, yule wa nyumba ya kwanza hujaza ndoo upesi, na yule wa mwisho hupata uzi wa maji tu. Tangi halikupungua; msukumo ndio ulioliwa njiani na bomba jembamba. Umeme nao ni vivyo hivyo. Msukumo wake hupimwa kwa volti, na wingi wa umeme upitao katika waya hupimwa kwa ampea. Katika Tanzania nyumba ya kawaida hupaswa kupata volti 230. Transfoma ndiyo tangi letu, waya ndio bomba, na kila chombo kinachowashwa ni koki iliyofunguliwa.

Mjerumani mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule, Georg Ohm, aliieleza kanuni hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1827. Volti zinazopotea njiani hutegemea ampea zinazopita na ugumu wa njia yenyewe. Waya mrefu una ugumu mwingi, na waya mnene una ugumu mdogo. Hata Thomas Edison, alipofungua kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl, New York, mwezi wa Septemba 1882, hakuweza kuikwepa. Alisambaza umeme wa volti 110 hivi, na wateja wake walilazimika kukaa karibu, maana kiasi cha maili moja tu waya ulikuwa umekwisha kula msukumo mwingi mno. Dawa iliyopatikana baadaye ndiyo tunayoiona leo njiani: umeme husafirishwa kwa volti nyingi sana, 33,000 au 11,000 katika laini zetu za mikoani, kisha transfoma huushusha karibu na watu. Kwa volti nyingi, kazi ile ile huhitaji ampea chache, nazo ampea chache hazipotezi msukumo mwingi.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosea. Husema, "Sisi tuko mbali na Mwanza, ndiyo maana umeme wetu ni mdogo." Sivyo. Safari ndefu ya kutoka mitamboni hadi kijijini hufanywa kwa volti nyingi, nayo haili sana. Safari iliayo ni ile fupi, ya kutoka transfoma hadi mlangoni pako. Mtu wa Kabasa anayekaa hatua hamsini kutoka transfoma aweza kuwa na umeme mzuri kuliko mtu wa mjini aliye mwisho wa mtaa mrefu.

Tuihesabu nyumba yetu. Kutoka transfoma zimevutwa nyaya mbili za alumini, moja ya kuleta umeme na moja ya kuurudisha, ambayo mafundi huiita nyutro. Kila waya una unene wa milimita mraba 50. Usiku wa manane, watu wamelala, nyumba zote za mwisho wa laini pamoja zatumia ampea 4; volti zinazopotea ni 4 tu, na nyumba yetu yapata 226. Saa mbili ya usiku pasi, birika, televisheni na friji zimewashwa, na nyumba hizo zatumia ampea 40. Sasa zapotea volti 41, na nyumba yetu imebaki na 189. Waya ni ule ule na transfoma ni ile ile. Koki zimefunguliwa, basi.

Vyombo vingi vya nyumbani huvumilia upungufu wa sehemu moja katika kumi, yaani hata volti 207. Chini ya hapo kila chombo hulalamika kwa namna yake. Birika la wati 2,000 likipewa volti 189 hutoa wati 1,350 tu, kwa hiyo hukawia, lakini haliharibiki. Taa ya zamani, yenye uzi ndani ya chupa, hutoa karibu nusu ya mwanga wake. Taa za siku hizi za LED hudanganya: nyingi huwaka vile vile kana kwamba hakuna jambo, hata mwenye nyumba akadhani umeme wake ni mzima. Wa kuhurumiwa zaidi ni mota. Mota ya friji, ya pampu au ya mashine ya kusaga, ikikosa msukumo wa kuizungusha, hukwama ikivuta ampea nyingi kupita kiasi, nyaya zake za ndani zikapata moto, na mpira wa nyaya hizo ukaungua. Ikiwa friji hiyo ni ya zahanati, ndani yake mna chanjo za watoto, zinazotakiwa kukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8; hapo hasara si ya friji peke yake.

Basi tutafute ugonjwa ulipo. Njia ya umeme ina vipande vitatu: laini ya kijiji kutoka transfoma hadi nguzo iliyo karibu nawe, waya wa kutoka nguzo hiyo hadi mita yako, na nyaya za ndani ya mji wako. Kazi yote ni kujua kipande kipi kinachokula, maana dawa ya kipande kimoja haiponyi kingine, na fedha nyingi hupotea kwa kutibu mahali pasipouma.

Chombo cha kupimia ni mita ndogo ya mkononi, ambayo mafundi huiita multimita. Testa, ile bisibisi yenye taa ndani, haifai kwa kazi hii: huwaka kwa volti 180 kama iwakavyo kwa 230, wala haikuambii kitu ila kwamba umeme upo. Asiyezoea asipime mwenyewe. Amwite fundi mwenye leseni ya EWURA, naye asimame pale aone hesabu na kuziandika. Anayepima ahakikishe kwamba mita imewekwa upande wa volti za umeme wa nyumbani, wala si upande wa ampea, maana kwa kosa hilo mita imewahi kulipuka mkononi mwa mtu.

Upimaji ufanyike mara mbili: mara moja usiku wa manane au alfajiri, na mara moja kati ya saa moja na saa nne ya usiku, wakati umeme umechoka kweli kweli. Wakati wa jioni fundi apime kwanza penye swichi kuu, vyombo vyote vikiwa vimezimwa. Kisha birika liwashwe katika chumba kinacholalamikiwa, naye apime tena penye swichi kuu, na baadaye penye soketi ya chumba kile. Tuseme swichi kuu ilikuwa na volti 226, na birika lilipowashwa ilibaki na 223, lakini chumbani zimo 205 tu. Ugonjwa umo ndani ya mji wako, nawe huna wa kumlaumu. Kama swichi kuu yenyewe imeshuka kutoka 226 hadi 205 kwa ajili ya birika moja, hali taa za jirani wa nguzo ile ile hazikubadilika, basi shaka iko katika waya wa kutoka nguzoni, au katika maungio yake. Na kama swichi kuu ina volti 190 hata kabla hujawasha kitu, na majirani wote wana hali hiyo hiyo kila jioni, hiyo ni laini ya kijiji.

Twaanza na mambo ya ndani ya mji, kwa kuwa hayo yako mikononi mwetu. Katika miji ya shamba ni desturi kuweka mita katika nyumba kubwa, halafu kuvuta waya hadi nyumba ya kijana aliyeoa, hadi jikoni, na pengine hadi banda la kuku. Waya huo mara nyingi hununuliwa kwa kutazama bei tu. Umbali wa mita 60, kwa waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, birika la wati 2,000 hupoteza volti 12. Kwa waya wa milimita mraba 4 hupoteza volti 4 na nusu. Na kwa uzi ule mwembamba wa taa, wa milimita mraba 0.75, hupoteza volti 24. Tena uzi huo haukufanywa kubeba ampea za birika, utapata moto. Dawa ni kuvuta waya mnene, uliofukiwa au kufungwa vizuri, wenye sakiti breka yake penye swichi kuu. Waya wa ekstensheni uliozungushwa kama kamba ya ng'ombe na kuachwa hivyo hali unatumika hupata moto katikati, tena moto huo hauonekani mpaka plastiki iyeyuke.

Lakini adui mkubwa wa ndani si waya mwembamba, ni maungio mabaya. Nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole na kufungwa utepe. Skrubu ya soketi haikukazwa. Shaba imeunganishwa na alumini bila kiungo chake maalumu, zikalana kwa kutu. Tuseme ungio moja la namna hiyo lapoteza volti 10 wakati ampea 20 zapita. Volti hizo haziendi mbinguni; hugeuka kuwa joto la wati 200 pale pale penye ungio, sawa na taa mbili kubwa za zamani zilizofungiwa katika kisanduku cha plastiki chini ya paa. Ndivyo nyumba ziunguavyo. Kwa hiyo usikiapo harufu ya plastiki iliyoungua, au mlio wa kuchachatika ukutani, au uonapo soketi imegeuka rangi ya kahawia, zima swichi kuu, wala usiiwashe tena mpaka fundi amefungua na kuona.

Sasa tufike kwenye jambo tulilolitaja mwanzo, nalo ni kukatika au kulegea kwa nyutro. Katika sehemu nyingi transfoma hutoa nyaya tatu za kuleta umeme na nyutro moja ya wote. Kati ya nyutro na waya wowote katika hizo tatu mna volti 230. Kati ya waya mmoja na mwenziwe mna volti 400. Nyutro ikikatika njiani, nyumba yako na nyumba ya jirani aliye katika waya mwingine hujikuta zimefungwa pamoja katika volti 400, nazo hugawana bila haki. Mwenye chombo kizito hupata kidogo, na mwenye chombo chepesi hupata kingi. Jirani akiwa na pasi ya wati 1,000, nawe una taa za uzi za wati 100 tu, pasi yake hupata volti 36 hivi, nazo taa zako hupata 364. Yeye husema umeme ni mdogo, na katika dakika hiyo hiyo wewe waona taa zako zang'aa kama jua, zikapasuka, na televisheni ikatoa moshi.

Dalili yake ni hiyo: taa nyingine hufifia na nyingine hung'aa kupita desturi, nazo hubadilishana kila chombo kiwashwapo au kuzimwa. Uionapo, usipime wala usitafute sababu. Zima swichi kuu upesi, waambie majirani wazime zao, na mpelekee habari TANESCO. Wako watu ambao, nyutro ikiwasumbua, huchukua waya wa ardhi, ule ulioungwa na fimbo ya chuma iliyochimbiwa nje, wakautumia badala ya nyutro. Taa huwaka, nao hujisifu kwamba ni mafundi. Wamekwisha kuweka umeme katika njia iliyowekwa kuwalinda. Siku ardhi itakapokauka, mtoto atakayegusa bati la friji ndiye atakayelipa.

Waya wa kutoka nguzoni hadi mita ni mali ya shirika la umeme, pamoja na mita yenyewe na lakiri yake, wala si halali mtu mwingine kuufungua. Ungio la juu ya nguzo hupigwa na mvua, jua na upepo mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi ndilo lililolegea. Fundi wa shirika akipanda na kulibadili, nyumba yaweza kupona siku ile ile.

Laini ya kijiji ni kazi kubwa zaidi, na hapa tusidanganyane: mtu mmoja hawezi kuiponya. Wengi hukimbilia kununua stabilaiza. Chombo hicho kina faida kwa friji moja au televisheni moja, lakini hakiumbi umeme. Ili kutoa wati 1,000 kwa volti 230 zahitajika ampea 4.3, zikija volti 180, stabilaiza huvuta ampea 5.6 kutoka katika laini ile ile iliyochoka, bila kuhesabu kinachopotea ndani yake. Kila nyumba ikinunua yake, msukumo washuka zaidi, na asiyekuwa na fedha ya kununua ndiye agizwaye kabisa. Twaona ni afadhali kununua kilinzi kidogo kinachozima friji umeme ushukapo mno, na kupiga pasi mchana.

Shirika lenyewe lina dawa kadhaa. Transfoma nyingi zina hatua za kupandisha volti kidogo kidogo, kila hatua sehemu mbili na nusu katika mia, yaani kama volti 6. Mafundi wake huzibadili umeme ukiwa umezimwa. Dawa hiyo ni ya haraka, lakini ina kikomo, maana walio karibu na transfoma watapata volti nyingi mno usiku wa manane. Dawa ya pili ni kugawa nyumba sawasawa katika nyaya tatu. Ile nyumba yetu ya mita 800 ilikuwa mwisho wa laini ya nyaya mbili tu. Nyaya tatu zikifikishwa hadi huko, na zile ampea 40 zikigawanywa sawa, upotevu washuka kutoka volti 41 hadi 7 hivi, kwa kuwa kila waya wabeba theluthi moja, na nyutro karibu haibebi kitu. Ya tatu, iliyo ghali, ni kuleta transfoma nyingine karibu na watu.

Tangu Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliyounda Wakala wa Nishati Vijijini, laini zimefika vijiji vingi, na nyumba huongezeka kila mwaka katika waya ule ule. Laini iliyovutwa kwa ajili ya nyumba kumi na mbili haikukosewa, imezidiwa. Basi malalamiko ya "umeme wetu ni mdogo" hayamsaidii mhandisi, kwa kuwa hajui aanzie nguzo ipi. Wenye nyumba za mwisho wa laini wakutane kwa mwenyekiti wa kitongoji, wapime kwa siku saba, alfajiri na saa mbili ya usiku, katika nyumba ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Waandike tarehe, saa na volti, na namba ya mita ya kila nyumba iliyopimwa, pamoja na idadi ya nyumba na mashine za kusaga zilizomo katika laini. Barua hiyo ipelekwe ofisi ya TANESCO ya wilaya, na nakala yake ibaki kwa mwenyekiti, imepigwa mhuri wa siku ilipopokelewa.

Na mafundi wakiisha kuja na kuondoka, mpime tena katika nyumba zile zile tatu, saa mbili ya usiku, pasi zikiwa zimewashwa.